Karatasi Iliyolala Kwenye Rasta za Zambarau

Doornfontein, Johannesburg
Jumapili, saa kumi alasiri

Teja, baba'ngu,

Umetoka kwenda Hillbrow kuagana na wenzako, baba yako yuko gereji anajifanya ana kazi siku ya Jumapili, na mimi nimebaki na kalamu hii inayonishinda kuishika kuliko kitana. Ningekutumia sauti kwenye simu kama tulivyozoea, lakini nimejaribu mara mbili nikalia kabla sijafika katikati, nikafuta. Karatasi hailii. Basi soma taratibu. Najua Kiswahili cha kuandikwa kinakuchosha, na mimi shule yangu iliishia darasa la nne kule Korogwe, kwa hiyo tutachoshana sawasawa.

Mambo ya soksi, dawa ya meno, mafuta ya kifua na nani umpigie ukiumwa nimeyaandika kwenye karatasi nyingine, iko mfuko wa pembeni wa begi. Baba yako ameisoma akacheka mpaka akavua miwani. "Mama Teja, huyu anakwenda jeshini, haendi kulazwa." Mwache acheke. Hapa sitaandika hayo.

Hapa nina jambo moja tu, na nalisema mapema kabla woga haujanirudia. Karatasi yako ya kuzaliwa haikuungua ule moto. Wala haikupotea. Nilikuwa nayo mimi. Miaka miwili ile uliyozunguka madirisha ya ofisi ukiambiwa hawakujui, karatasi ilikuwa chumbani mwetu, hatua sita kutoka kitandani kwako, ndani ya mfuko wangu wa kazi unaoning'inia nyuma ya mlango.

Sasa umejua. Ukitaka kuikunja barua uitupe, ni haki yako. Lakini kama unaweza, endelea, maana sitaki uende kuapa mbele ya bendera huku nyumbani umeacha uongo unaopika chai.

Nianze na siku uliyozaliwa. Baba yako alikuwa Musina, karibu na mpaka. Lori la mteja lilikufa gia njiani, na fundi aliyekubali kwenda ni yeye. Tulihesabu bado wiki tatu. Wewe hukuhesabu nasi. Nilikuzaa asubuhi, peke yangu, wodi nzima hakuna wa kuongea naye lugha yangu, na Kiingereza changu wakati ule kilikuwa maneno mawili, ndiyo na samahani, na nililitumia zaidi la pili.

Unajua kwao baba yako, Makalasinga, mtoto hapewi jina hivi hivi. Anangojewa. Akishapata nguvu anapelekwa hekaluni, Kitabu kinafunguliwa, na herufi ya kwanza ya maneno yaliyojitokeza ndiyo herufi ya jina lake. Mpaka siku hiyo mtoto ni mtoto tu. Nililikubali hilo kwa mdomo wangu. "Hata ukijifungua sipo," aliniambia akifunga boksi la spana, "jina lisubiri Kitabu." Nikasema sawa, Baba Mtoto, litasubiri.

Siku ya pili akapita mama mmoja na makaratasi, kitanda hadi kitanda. Mwanamke wa kitanda cha pili, naye mgeni kama mimi, aliyeletwa usiku na Kiswahili cha kuokoteza na sasa ananitafsiria, alikuwa ameshaninong'oneza kwamba mtoto anayetoka hospitali bila jina hana mwenyewe. Polisi akikusimamisha naye kwenye robot, pale taa za barabarani, utaonyesha nini? Sijui kama ilikuwa kweli. Mimi wakati ule niliamini kila kilichotisha na kutilia shaka kila kilichofariji. Nilikuwa hivyo. Nimepungua kidogo sasa, baba yako atasema sijapungua.

"Jina la mtoto?"

Nikafungua mdomo niseme bado. Nikajisikia nimesema Rajabu.

Ni jina la baba yangu mzazi. Alifariki miezi minne kabla hujazaliwa na sikwenda kumzika, kwa sababu ningevuka mpaka nisingeweza kurudi. Lilikuwa limenikaa kooni muda wote huo, likaona mlango umefunguka likatoka.

"Baba wa mtoto?"

"Yuko safarini."

"Cheti cha ndoa?"

Mimi na baba yako tulioana Tanga mbele ya mashahidi watatu na sinia la wali. Kwao walikataa, kwetu walikataa, ofisini hatukukumbuka kwenda. Yule mama akatikisa kichwa, si kwa ubaya, akachora mstari kwenye nafasi ya baba. Kistari kifupi cha kalamu ya bluu. Akanipa karatasi, akahamia kitanda cha pili. Mambo yote hayo hayakuchukua muda wa kusuka twende kilioni moja.

Baba yako alifika siku ya tatu, grisi mpaka kwenye ndevu, akakupokea kwa viganja viwili kama anavyopokea gia mpya kutoka kwenye boksi lake. Akauliza, "Ameshaandikwa?" Nikasema watatuambia.

Huo ndio uongo wa kwanza. Ulikuwa mdogo. Ungeweza kuufuta kwa kidole.

Hekaluni Kitabu kikafunguka kwenye T. Tejpal. Baba yako, mwanaume ambaye nilikuwa sijawahi kumwona akilia hata pale nondo ilipomvunja kidole, alilia mbele za watu kisha akaingia jikoni kwao kuosha masinia ya wageni kwa furaha. Mimi nimekaa sakafuni, mtandio kichwani, wewe mapajani, na chini ya nepi zako Rajabu amekunjwa mara nne. Nikasema nitamwambia kesho.

Nataka uelewe nilichoogopa. Sikuogopa jina. Baba yako angekasirika siku mbili, angecheka ya tatu. Niliogopa ule mstari. Kwao walikuwa wameshasema mtoto wa mwanamke mweusi hawamjui. Sasa nimpelekee mume wangu karatasi ya serikali inayosema vilevile, nayo imeandikwa kwa majibu yangu mwenyewe? Nikaitia kwenye pakiti ya rasta za kusukia, zile za zambarau. Niliwahi kununua pakiti moja kwa makosa na hakuna mteja aliyewahi kuziomba. Kila asubuhi nakwenda nayo saluni mjini, kila jioni narudi nayo. Watu wanahifadhi vitu kwenye kabati. Mimi changu nilitembea nacho.

Na wewe ulikuwa unauliza, ukiwa mdogo, kwa nini nakuita baba. Nilikujibu kwamba sisi wa Tanga ndivyo tunavyowaita watoto wa kiume, na ni kweli tunawaita. Lakini mtoto aliyebeba jina la baba yangu nisingeweza kumwita kitu kingine. Kwa hiyo jina lile halikufa, Teja. Nililitamka kila siku mbele yenu wote, na hamkulisikia.

Shule uliingia kwa kadi ya kliniki, imeandikwa Tejpal Singh, na mwalimu hakuuliza zaidi. Ulipokuwa na miaka sita ndipo ghorofa ya juu yetu ikashika moto na maji ya zimamoto yakatuharibia godoro, redio na makaratasi ya baba yako. Aliponiuliza, "Na cheti cha mtoto?" nikaona mlango umefunguka tena. Nikasema kimeungua. Yeye akanifariji! Akaniwekea mkono begani akasema tutaomba kingine, usijilaumu. Akaenda kuomba cha Tejpal Singh, wakamwambia hakipo, akadhani wamekipoteza wao. Miaka ile alizoea kusema, "Eish, hawa watu na makompyuta yao." Mimi nageuza chapati.

Nisingeandika haya kama yangeishia kwangu. Yalikuja kwako.

Unakumbuka ule wakati wa ugonjwa tulipofungiwa ndani, wanajeshi wakipita barabarani. Wengi wetu tuliwaogopa, na mimi nilipiga mapazia pini. Halafu yule gogo, bibi mzee wa ghorofa ya tisa, akazidiwa, lifti imekufa, na kijana mmoja wa jeshi akampandisha mgongoni akashuka naye ngazi zote, bunduki kamwachia mwenzake, anamwimbia yule bibi Kizulu asisinzie. Ulikuwa umesimama ngazini na kitambaa chako kichwani. Alipokupita akakuambia, "Sharp, kaptein, nishikie mlango." Ukamshikia. Uliporudi ndani ulikisahau chakula mpaka kikapoa, kisha ukasema, "Mimi nitakuwa vile."

Baba yako hakupenda. Unaijua ile picha iliyo juu ya meza yake ya gereji, babu wa babu yako na kilemba na medali, askari wa Mwingereza. Alikwambia, "Yule alipigana vita vya watu akafa hana nchi yenye jina lake. Familia yetu imeshakuwa askari wa nchi za wengine, inatosha." Na wewe, na miaka yako kumi na minne, ukamjibu, "Baba, hii si ya wengine. Mimi ya kwangu ni hii." Nilikuwa nakata vitunguu. Nikasingizia vitunguu.

Ulipofika miaka kumi na minane ukaleta nyumbani ile habari kama mtu aliyeokota dhahabu: aliyezaliwa hapa na kukulia hapa anaweza kuomba uraia, na akipata uraia jeshi litapokea maombi yake, mradi kuzaliwa kwake kuliandikwa. Ulinisomea hilo neno mara mbili. Mradi kuliandikwa. Nikaenda kujifungia bafuni nikafungua bomba.

Ndipo ikaanza. Unaondoka asubuhi na bahasha yako, barua ya mkuu wa shule, kadi ya kliniki, picha na kilemba na picha za masikio yakionekana. Unarudi jioni. "Wamesemaje?" "Hakuna mtu wa jina hili aliyezaliwa siku hii hospitali hii." Ukaenda tena. Ukaandika barua, ukapata mwanasheria wa kujitolea. Na yeye akatafuta Tejpal Singh, kwa sababu hakuna aliyemwambia atafute mwingine. Siku moja yule mtu wa dirishani, wala simlaumu yeye, alikuwa anasoma kilicho mbele yake, alikuambia labda ulizaliwa nchi nyingine, kawaulize wazazi wako vizuri. Ulikuja ukasimama mlangoni mwa jiko.

"Mama, nilizaliwa wapi kweli?"

"Hapa hapa, baba."

"Basi kwa nini sipo?"

Nikakwambia kula kwanza.

Nimefanya makosa mengi, mengine nimeyasahau, lakini hilo la kula kwanza naliona kila nikishika mwiko. Ulikuwa umeniuliza swali la haki na jibu lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango. Nilikuona unatafuna huku unaniangalia, unajaribu kuniamini.

Ukakata tamaa kwa adabu, kama unavyofanya kila kitu. Ukachukua kazi ya ulinzi kwenye mlango wa lile duka la jumla pale mjini, karibu na saluni yetu. Ukavaa sare ya mlinzi. Ilikukaa vizuri, na hilo ndilo lililoniuma. Watu wakipita wanakutania. "Heyi, Bombay, umekuja kutulinda?" Nawe unawajibu Kizulu kilichonyooka mpaka wanaona haya wanacheka. Mwaka mmoja tena na umri wa kuingia jeshini ungekupita. Ulijua. Ulikuwa umeacha kuhesabu kwa sauti.

Na sasa nakuambia usilolijua. Karatasi ile sikuitoa kwa sababu nilikuwa mama mwema. Ilitoka kwa sababu msichana mmoja wa chuo hapa Doornfontein alitaka nywele za zambarau.

Nilikuwa nina kichwa cha mteja mkononi. Yule binti akaingia, Mama Nadège akampokea. Mkongo yule unamjua, tangu Bukavu hajawahi kunong'ona. Nasikia, "Zambarau? Tuko nayo! Mama Teja iko nayo kwa sac yake, ule mufuko, tangu Nuhu." Kabla sijageuka ameshapasua pakiti. Karatasi ikaanguka kwenye nywele za sakafuni. Akaiokota, akaifungua, akasoma kwa sauti.

"Rajabu. Mama Teja, huyu Rajabu ni nani? Uko na mutoto mwengine?"

Nikamwambia nipe. Hakunipa. Aliangalia tarehe, akaangalia jina langu, na nikaona inamwingia pole pole. Wewe ulikuwa unaonekana pale dirishani, ng'ambo ya barabara, umesimama mlangoni mwa duka lako.

"Mama Teja. Mie natafuta karatasi ya batoto bangu tangu miaka kumi. Nimesimama mu baridi, nimesimama mu mvua. Weye uko nayo, unaipangia kitanda mu rasta?" Akanyoosha kidole dirishani. "Ule mutoto anasimama pale kwa mulango ya watu juu yako!"

Kikaushio kinalia peke yake. Mteja wangu nusu kichwa kimesukwa, ananitazama kwenye kioo. Nikasema, "Nilimwogopa baba yake." Na Mama Nadège, ambaye mume wake amelala kaburi asilolijua, akaishusha sauti kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Mumeo akikasirika, ni kwa sababu iko muzima. Peleka."

Nikapeleka. Lakini hata hapo, Teja! Hata hapo nilipofika nyumbani nikasema nimeikuta chini ya boksi la cherehani, ndani ya kitabu cha kliniki cha zamani, kumbe haikuungua. Nikakueleza na jina, kwamba nilibabaika hospitalini. Ule mstari wa baba nikausema harakaharaka. Wewe hukusikia chochote baada ya neno nimeikuta. Ulininyanyua juu ukanizungusha, mimi na kilo zangu zote, viatu vikaruka. "Mama, umeniokoa!" Baba yako ameshika karatasi, anaisoma kwa mbali bila miwani.

Kuanzia siku ile nimekula sifa ambazo si zangu. Kwa majirani, kwa wenzako. "Mama yake ndiye aliyeiona." Nimechoka kuzila.

Mengine unayajua kuliko mimi. Viapo, barua, baba yako kutolewa mate kwa kipimo cha DNA ili ule mstari uondoke na jina lake likae, akatoka pale anajivuna kama kafaulu mtihani. Na siku ya dirisha la mwisho, yule dada akakuuliza unataka jina gani libaki, Rajabu au Tejpal. Nilikuwa nyuma yako. Nilijiandaa kumsikia baba yangu akifutwa na nilikuwa nimekubali, ilikuwa haki yako. Ukasema, "Yote mawili. Moja alinipa mama, moja alinipa baba." Nikalia mpaka mlinzi akaniletea kiti. Ukadhani ni furaha ya uraia. Ilikuwa hiyo, na ilikuwa hii ninayokuandikia.

Ijumaa nilimwambia baba yako. Nilimfuata gereji, akiwa chini ya lori, nikaona ni rahisi kuongea na miguu. Nikamaliza yote. Miguu haikusogea. Kisha akasema kutoka chini kule, "Karatasi iliyoponea kwenye moto haiwezi kunukia mafuta ya nywele, Mwanaidi."

Alijua. Tangu siku ile. Kulikuwa na uzi wa zambarau kwenye mkunjo. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akatoka, akajifuta mikono kidole kimoja kimoja kama kawaida yake, akasema, "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Na mimi sikutakiwa kuwa Musina siku ile. Gia zingesubiri." Halafu, maana hawezi kukaa na huzuni dakika tano, "Lakini miaka ishirini karibu, kwa kistari tu? Ungeniletea, ningeandika jina langu na chaki ya gereji." Tulicheka, tukakaa juu ya tairi. Nimepoteza miaka yote hiyo nikimwogopa mwanaume ambaye hayupo, huku huyu aliyepo analala pembeni yangu.

Kwa hiyo sina mafundisho makubwa ya kukupa. Wewe umesoma, nami najua nywele. Ninachokijua kwa ngozi yangu ni kwamba jambo siku ya kwanza linaomba neno moja tu, na kila siku unayolilaza linaamka na mdomo mkubwa zaidi. Huko uendako utakosea. Utapoteza kitu cha jeshi, utachelewa, utamwangusha mwenzako. Sema siku hiyohiyo. Watakupigia kelele, utalala.

Sikuambii usiogope. Mimi ninaogopa sasa hivi, naogopa hata basi lenyewe. Lakini nimekutazama ukiambiwa hupo, na kesho yake ukaamka, ukafunga kilemba, ukaenda kuwaonyesha upo. Nina wasiwasi wa mama, ila shaka na wewe sina hata punje. Watakuuliza huko pia, unatoka wapi, hapana, kweli unatoka wapi. Waambie Doornfontein, ghorofa ya nne, na kama wana muda waambie na Tanga, na Korogwe, na hao mababu wa baba yako waliokuja kujenga reli. Vyote vyako, hukuviiba.

Na jambo moja naliomba. Siku moja watakupanga mpakani, kule kule Musina alikokwama baba yako. Utamkuta mwanamke na mfuko, amebeba mtoto, macho yanakimbia. Fanya kazi yako, sikuambii uvunje amri. Ila kabla hujamuuliza karatasi, muulize jina la mtoto. Na akisita kujibu usimkasirikie upesi.

Tangu una miaka kumi na miwili, baba yako akishaondoka kwenda gereji, ni mimi ninayeshika ncha ya pili ya kitambaa chako asubuhi. Mita tano, wewe dirishani, mimi mlangoni, tunavuta, tunakunja, mpaka tunakutana katikati ya chumba. Mwanzoni nilikuwa navuta sana mpaka unaniambia, "Mama, taratibu, kitachanika." Nikilegeza sana unasema kinakunjika vibaya. Ilinichukua muda kujua mkono unaotakiwa. Kesho alfajiri tutakunja kile cheusi, nami nitajitahidi nisivute.

Hiki cha kijani, walichokubali ukivae na sare, nimekikunja peke yangu leo, na barua hii iko ndani yake. Itaanguka utakapokikunjua huko kambini. Hutakuwa na mtu wa kushika, utafunga ncha kwenye chuma cha kitanda. Isome kwanza, kisha jifunge. Ukiwa na hasira, jifunge nayo hivyo hivyo, bora kikaze vizuri. Sitakuuliza umeisoma lini.

Jumapili mkiruhusiwa simu, piga, hata kama ni kunigombeza. Nitapokea niseme, "Haloo, baba." Nawe utajibu kama nani utakavyo, Teja au Rajabu. Wote wawili niliwazaa asubuhi ile ile, na wote wawili nawangoja.

Mama yako,
Mwanaidi